Kutoka Tembe Hadi Sindano: Insulini kwa Aliyeishi na Kisukari Miaka Mingi

Leo tunazungumza nawe uliyeishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka minane, kumi, au hata ishirini. Tunazungumza pia na mke, mume, mtoto au jirani anayekutunza. Umemeza tembe zako asubuhi na jioni. Umeacha kutia sukari kwenye chai. Halafu siku moja, pale kliniki, daktari anatazama karatasi ya vipimo na kusema: "Sasa itabidi tuanze insulini."

Wengi wakisikia maneno hayo huona giza. Wapo wanaoikunja karatasi ya daktari, wakaitia mfukoni, na wasirudi kliniki tena mpaka warudishwe na kidonda. Wapo wanaoomba wapewe miezi mitatu zaidi ya kujaribu, na miezi hiyo mitatu ikawa miaka mitatu. Na wapo wanaoacha dawa zote na kutafuta mitishamba. Kama wewe ni mmoja wao, usione haya. Kaa nasi. Tutaeleza ni kwa nini tembe hufika mahali zikashindwa, insulini hufanya kazi gani, na jinsi ya kuianza nyumbani bila hofu.

Kwa nini tembe zinashindwa?

Chakula tunachokula, kama vile ugali, chapati, wali, viazi au githeri, hugeuzwa kuwa sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia katika misuli ikatupe nguvu, mwili unahitaji insulini. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Katika aina ya pili ya kisukari, ambayo ndiyo huwapata watu wazima wengi, mambo mawili huharibika. Kwanza, mwili huwa mgumu kuitikia insulini. Pili, zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini huchoka na kupungua mwaka baada ya mwaka. Mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari, mara nyingi kongosho limekwisha kupoteza karibu nusu ya uwezo wake, na uwezo huo huendelea kupungua.

Sasa fikiria tembe zenyewe. Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na huusaidia mwili kuitumia vyema insulini iliyopo. Glibenklamidi na dawa za jamii yake hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Ni kama mkono unaokamua ng'ombe. Ng'ombe akiwa na maziwa, mkono hufanya kazi nzuri. Lakini ng'ombe akikauka, hata ukikamua kwa mikono miwili, ndoo itabaki tupu. Hapo huwezi kumlaumu mkamuaji, na wala huwezi kumlaumu ng'ombe.

Jambo hili lilithibitishwa na uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza kuanzia mwaka 1977. Watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari karibuni walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yakatangazwa mwaka 1998. Ilionekana kwamba sukari yao ilizidi kupanda polepole kadiri miaka ilivyopita, hata kwa waliokuwa wakitumia dawa. Kwa hiyo, msikilizaji, daktari akikwambia tembe hazitoshi, hiyo si adhabu kwa kipande cha keki ulichokula kwenye harusi. Ugonjwa umekua, na dawa inabidi ikue nao.

Utajuaje kwamba wakati umefika?

Zipo dalili ambazo wewe mwenyewe unaweza kuziona. Unaamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Una kiu isiyoisha. Nguo zinakupwaya ingawa unakula. Macho yana ukungu. Vidonda haviponi, au unawashwa sehemu za siri mara kwa mara. Lakini tahadhari: wengi hawaoni dalili yoyote. Mwili huizoea sukari iliyopanda, na mtu akasema yuko sawa huku figo na macho yakiharibika kimyakimya.

Ndiyo maana vipimo ni muhimu. Kipimo cha kwanza ni cha kidole, asubuhi kabla ya kula. Kwa wengi tunataka kisome kati ya 4 na 7 katika mashine zinazotumika hapa Kenya. Cha pili ni kile kinachoitwa HbA1c, yaani kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Huwezi kukidanganya kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee sana, au mtu mwenye maradhi mengine mazito, daktari anaweza kuridhika na asilimia 8.

Kabla ya kuanza insulini, daktari mwangalifu atakuuliza maswali kadhaa. Je, unameza tembe zako kila siku, au unaruka siku pesa zinapokosekana? Je, una kikohozi cha muda mrefu? Kifua kikuu na kisukari hutembea pamoja, na maambukizi yoyote hupandisha sukari. Je, unatumia dawa za aina ya steroidi kwa ajili ya pumu au viungo? Jibu kwa ukweli. Ukificha kwamba hukumeza dawa, unaweza kupewa dozi usiyoihitaji.

Siku hizi kuna pia dawa mpya zaidi. Kuna tembe zinazotoa sukari kupitia mkojo, na kuna sindano nyingine ambazo si insulini, ambazo hupunguza hamu ya kula na kulisaidia kongosho. Daktari wako anaweza kuzifikiria kwanza, hasa kama una shida ya moyo au figo, na kama mfuko unaruhusu. Lakini kongosho lililokauka halina mbadala ila insulini. Na ikiwa sukari inapita 16 mara kwa mara, unakonda na unakojoa sana, hakuna haja ya kuzunguka. Insulini inahitajika mara moja.

"Mbona fulani alidungwa insulini, kisha akakatwa mguu?"

Swali hili husikika katika kila kliniki, na ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Katika kila kijiji kuna habari ya mzee aliyeanzishwa sindano mwezi Januari, na kufikia Aprili akakatwa mguu, au akapofuka, au akaanza kusafishwa damu. Majirani wakahesabu miezi wakasema: ni insulini iliyomuua.

Hebu tuhesabu tena, lakini tuanze mbali kidogo. Mzee huyo aliambiwa aanze insulini miaka sita nyuma. Akakataa. Kwa miaka hiyo sita sukari ilikuwa ikipita kwenye mishipa yake midogo, ile ya macho, ya figo na ya nyayo, na kuiharibu. Miguu ikafa ganzi. Akakanyaga msumari asihisi. Kidonda kikaoza. Alipofikishwa hospitali kwa machela ndipo akapewa insulini, kwa sababu wakati huo hakuna dawa nyingine inayofaa. Insulini ilifika nyumba ikiwa imeshaungua. Aliyekuja na ndoo ya maji ndiye akalaumiwa kwa moto.

Uchunguzi ule wa Uingereza ulitupa hesabu nyingine mwaka 2000. Ilionekana kwamba kila HbA1c inaposhuka kwa asilimia 1, kwa mfano kutoka 9 hadi 8, madhara ya mishipa midogo hupungua kwa asilimia 37. Kwa hiyo kinachoharibu macho na miguu ni kuchelewa. Insulini iliyoanzwa kwa wakati ni ulinzi.

Maswali mengine yanayoulizwa

Je, nikianza nitakuwa mtumwa wa sindano? Insulini si dawa ya kulevya. Ni kitu ambacho mwili wako umekuwa ukikitengeneza tangu ulipozaliwa. Sasa kimepungua, unaongezewa. Kuna watu wanaopewa insulini kwa muda tu, kama vile wakati wa upasuaji au maambukizi makali, kisha wakarudi kwenye tembe. Aliyeishi na kisukari miaka mingi, ambaye kongosho lake limechoka, kwa kawaida ataendelea nayo. Sababu ni kwamba anaihitaji, kama anayevaa miwani anavyoihitaji.

Kwa nini isitengenezwe tembe ya insulini? Kwa sababu insulini ni protini. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama au maharagwe, na haitafika kwenye damu ikiwa nzima.

Je, inatokana na nguruwe? Zamani, baada ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 kumekuwa na insulini inayofanana na ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia vijidudu katika maabara. Hiyo, pamoja na zile mpya zaidi zinazotengenezwa kwa njia hiyo hiyo, ndiyo insulini inayotumika kwa kawaida siku hizi. Ukiwa na shaka, muulize mfamasia akusomee karatasi iliyo ndani ya pakiti.

Je, inauma? Sindano ya insulini ni fupi na nyembamba sana. Haiingii kwenye msuli, huingia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Watu wengi husema kujitoboa kidole ndiko kunakouma zaidi. Mwombe muuguzi akudunge mara ya kwanza hapo hapo kliniki, kisha ujidunge mwenyewe akikutazama.

Insulini inavyoanzwa

Hapa Kenya utakutana zaidi na aina mbili kwa mwanzo. Ya kwanza ni insulini ya ukungu, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ambayo hufanya kazi polepole. Wengi hudungwa mara moja usiku kabla ya kulala. Ya pili ni ya mchanganyiko, sehemu 30 ya haraka na sehemu 70 ya polepole. Hii hudungwa mara mbili, takriban dakika 30 kabla ya kiamsha kinywa na kabla ya chajio. Ukishajidunga hii ya mchanganyiko, chakula kiwe tayari. Usijidunge ndipo uwashe jiko. Zipo pia insulini mpya zaidi za polepole, zilizo angavu kama maji, lakini bei yake mara nyingi iko juu.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58, mwenye kilo 65, ameishi na kisukari miaka 12. Anameza metformini na glibenklamidi kwa dozi kamili, lakini HbA1c yake ni asilimia 10, na sukari ya asubuhi ni 14. Daktari anamwanzishia yuniti 10 za insulini ya ukungu usiku. Anamwachia metformini, kwa sababu inaisaidia insulini na kumzuia asinenepe sana. Glibenklamidi anaipunguza, na baadaye huenda akaiondoa, ili sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Mama huyu anapima sukari kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kila baada ya siku tatu, kama sukari ya asubuhi bado imepita 7, anaongeza yuniti 2, kama alivyoelekezwa: 12, 14, 16, hadi 22. Siku 18 zimepita, na sasa mashine inasoma 6.8. Anasimama hapo. Baada ya miezi mitatu atapimwa HbA1c tena. Kama asubuhi ni nzuri lakini mchana sukari inapanda, daktari ataongeza sindano nyingine au kubadilisha aina.

Tafadhali usichukue dozi ya mama huyu, wala ya jirani yako. Yuniti 10 ni mwanzo tu, na watu wengi huhitaji zaidi. Ukiambiwa uongeze, usidhani ugonjwa umekuzidi. Ni kama kutia chumvi kwenye mchuzi: unaonja, unaongeza kidogo, unaonja tena.

Namna ya kujidunga

Nawa mikono kwa sabuni. Kama insulini yako ni ya ukungu au ya mchanganyiko, kizungushe kichupa polepole kati ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka rangi ilingane. Usikitikise kwa nguvu. Hakikisha bomba la sindano ni la insulini, lenye maandishi ya 100, kwa sababu kichupa cha kawaida kina yuniti 100 katika kila mililita. Usitumie bomba la dawa nyingine, utakosea kipimo. Kama unatumia kalamu ya insulini, zungusha kitufe hadi namba ya dozi yako, na ukishadunga hesabu polepole hadi 10 kabla ya kuchomoa.

Dunga tumboni, umbali wa vidole viwili au zaidi kutoka kwenye kitovu, au kwenye paja upande wa mbele na wa nje. Badilisha mahali kila siku. Ukidunga pale pale, nyama hufanya uvimbe mgumu, na insulini haifyonzwi sawasawa. Leo sukari iko juu, kesho iko chini, na wewe hujui sababu.

Usishiriki sindano wala kalamu na mtu yeyote, hata kama ni mume na mke wenye ugonjwa mmoja. Sindano zilizotumika zitie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, kisha uzipeleke zahanati. Usizitupe kwenye takataka ambako watoto huchezea.

Kuhifadhi insulini pasipo friji

Wengine hukataa insulini kwa sababu hawana friji wala stima. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa vyema kwenye friji, lakini si kwenye barafu. Iliyoganda itupe, hata ikiyeyuka. Kichupa unachokitumia kinaweza kukaa nje ya friji, mahali penye kivuli na baridi, kwa takriban wiki nne. Andika tarehe uliyokifungua.

Kwa sehemu zenye joto, chungu husaidia. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, na uloweshe mchanga huo asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya mfuko wa plastiki au kikopo ili isiingie maji. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva ulitumia viwango vya joto vilivyopimwa nyumbani katika kambi ya Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika joto hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne ilibaki na nguvu kama ile ya friji. Kwa hiyo kukosa friji si sababu ya kukosa insulini. Lakini usiiache juani, juu ya mabati, wala mbele ya kioo cha gari. Ukisafiri kwa basi, iwe kwenye mkoba wako, isiwe kwenye buti.

Hatari ya kweli: sukari kushuka

Tumesema insulini haikati mguu wala haipofushi. Lakini ina hatari moja ambayo lazima uijue wewe na watu wa nyumbani kwako. Inaweza kushusha sukari kupita kiasi, yaani chini ya 4. Hutokea ukijidunga na usile, ukilima shamba kutwa bila kula, ukikosea dozi, au ukinywa pombe tumbo likiwa tupu. Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi, kwa sababu insulini hukaa mwilini mwake kwa muda mrefu.

Dalili ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kizunguzungu. Mtu anaweza kukasirika bure au kuongea ovyo, na watu wakadhani amelewa. Wengine wameachwa kando ya barabara kwa sababu hiyo. Tembea na kadi inayosema una kisukari na unatumia insulini.

Ukihisi hivyo, usingoje. Koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji unywe, au unywe nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula kitu: ndizi, mkate, au chakula kama wakati wake umefika. Mtu akizimia, msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitali. Kama unaendesha matatu, lori au bodaboda, pima sukari kabla ya kushika usukani, na uwe na peremende mfukoni.

Siku unapougua na huna hamu ya kula, usiache insulini kwa uamuzi wako. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, na uwasiliane na kliniki. Na ndugu Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wiki sita hadi nane mapema, ili aambiwe kama ni salama kwake na dozi zipangwe upya.

Mambo mawili madogo yasikutishe. Huenda ukaongeza kilo mbili au tatu, kwa kuwa mwili sasa unatumia chakula badala ya kukimwaga kwenye mkojo. Punguza kipande cha ugali, ongeza mboga, tembea. Tena, macho yanaweza kuwa na ukungu kwa wiki chache sukari inaposhuka. Usikimbilie kununua miwani. Hata hivyo, ni vizuri macho yapimwe kabla ya kuanza au mapema baada ya kuanza, hasa kama umeishi na kisukari miaka mingi.

Gharama

Hatuwezi kumaliza bila kuzungumzia pesa. Insulini, sindano na vijiti vya kupimia hugharimu, na familia nyingi hupata shida. Uliza bei katika hospitali ya kaunti kabla ya kununua duka la dawa la mjini. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe, na uulize kituo chako ni huduma gani zinazolipiwa. Ungana na wagonjwa wengine wanaokutana kliniki. Kama huwezi kumudu vijiti vya kila siku, mwambie daktari ili apange siku chache muhimu za kupima. Lililo baya zaidi ni kunyamaza na kugawanya dozi nusu nusu ili kichupa kidumu. Kisha kumbuka hesabu ya upande wa pili: kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, au kuuza kipande cha shamba kulipia upasuaji.

Mambo ya kukumbuka

1. Kisukari cha miaka mingi hulichosha kongosho. Tembe zikishindwa, si kosa lako.
2. Madhara yanayosingiziwa insulini mara nyingi ni madhara ya kuichelewesha.
3. Dozi huanza kidogo na kuongezwa polepole. Dozi ya mwenzako si yako.
4. Usijidunge bila mpango wa kula. Uwe na sukari karibu nawe wakati wote.
5. Chungu na kivuli vinaweza kuwa friji yako.
6. Angalia nyayo zako kila jioni, na usiache metformini mpaka daktari aseme.

Msikilizaji, kama ile karatasi ya daktari bado iko mfukoni au chini ya godoro, itoe leo. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Siku ya kliniki nendeni wawili, ili masikio manne yasikie maelezo ya sindano badala ya mawili. Macho uliyo nayo leo na miguu unayosimamia leo bado inaweza kulindwa.